Onduleri ya Wakubwa

Shule niliiacha mapema nikaenda kugonga bati, kwa hiyo wakubwa wakitamka neno refu huwa nanyamaza, nangoja nione litafanya kazi gani. Mara nyingi halifanyi kazi yoyote. Mwaka huu neno lilikuwa "hibridi".

Aliyetuletea neno hilo hapa Nyamugari, Gitega, ni Audax, shefu wetu wa kata. Alifika kwangu na kitabu chembamba cha picha zinazong'aa, akakaa kitini kabla sijamkaribisha, kama wanavyokaa wao, akaniambia kwamba nimechaguliwa. Kuna mradi wa jua, akasema, na mi ndiye wa kwanza katika kata nzima kufungiwa onduleri ya hibridi. Onduleri, kwa asiyejua, ni lile sanduku la ukutani linalopokea nguvu ya plaki za jua, zile paneli za juu ya paa, na kuigeuza umeme wa kutumia nyumbani. Ya hibridi huchanganya jua, umeme wa njia, yaani ule wa nguzo, na batri kama iko.

Nikamwuliza kwa nini mi. Akatupa jicho kwenye mlango wa chumba cha binti yangu, akashusha sauti, akasema ni huruma. Huruma gani. Nyumba yangu iko barabarani, gari la wageni linafika mpaka mlangoni bila kukanyaga tope, na ndani kuna mgonjwa. Picha inatoka nzuri.

Huyo mgonjwa ni Fatouma, ndiye peke yake niliyebaki naye. Kifua chake hakivuti hewa ya kumtosha. Analala na kushinda na mpira puani, na mpira unatoka kwenye mashine ya oksijeni inayonguruma pembeni ya kitanda. Umeme ukikatika nina chupa ya akiba, ndogo, na ikiisha basi. Na umeme wetu unajulikana. Mama yake, Kadidja, alikuwa na kifua hichohicho. Alifia hospitali, umeme umekatika, jenereta iko uani imepakwa rangi mpya na haina hata tone la mafuta. Gari la mkurugenzi lilikuwa na mafuta. Nililiona likitoka getini. Kwa hiyo mtu asinifundishe namna ya kuwaongelea wakubwa.

Audax aliponiachia kile kitabu, nilikitia mfukoni nikaenda Muyinga. Kule ndiko ninakonunua bati, kwa Feroz, tangu duka likiwa la baba yake, mzee Jaffer. Siku hizi Feroz anauza bati kidogo na vitu vya jua vingi, vinavyopitia Tanzania. Nikampa kitabu. Akakitazama, akacheka puani, akapanda ngazi na kushusha onduleri ileile ya kwenye picha. Kisha akashusha na nyingine, nene, mbaya sura, akaziweka zote mbili juu ya kaunta.

"Chagua, mzee," akasema.

Nikachagua kama ninavyochagua bati. Niligonga ubavu wa hii, nikagonga ubavu wa ile, nikasikiliza. Ile ya ofisi, ya kwenye kitabu, ilikuwa na bati safi, imekunjwa vizuri pembeni, rangi imeshika. Ile nyingine ililia kama debe. Nikaweka mkono juu ya ile ya ofisi nikasema kwa haki ya Mungu safari hii wakubwa wamenunua kitu.

Feroz hakunibishia. Muyinga wana desturi yao: kitu cha umeme hakitoki dukani mpaka kimewaka mbele ya mnunuzi, na mnunuzi mwenyewe ndiye anayekitesa. Radio itapigwa mpaka majirani wakasirike, pasi itachoma kitambaa. Feroz aliziunganisha zote mbili na plaki za juu ya paa na umeme wa njia, kila moja akaipa taa yake, na ile mbaya akaifunga na batri. Waliokuja kununua misumari wakasimama kutazama. Jua lilikuwa kali, bati la paa linalia. Akanionyesha swichi kubwa ya duka akaniambia nizime umeme wa njia, mi mwenyewe, kwa mkono wangu.

Nikazima. Taa ya mashine ya ofisi ikafa. Taa ya ile mbaya haikupepesa hata jicho.

Nikasema labda nimevunja kitu. Feroz akatikisa kichwa.

"Hujavunja. Hii inafuata njia, mzee. Umeme wa njia ukilala nayo inalala, mpaka uipe batri."

"Na jua lote hili?"

"Jua haliihusu. Ilitengenezewa watu ambao umeme wao haukatiki. Na batri yenyewe haikubali yoyote, inataka ya kampuni yake tu. Walipokuja kununua za mradi niliwaambia. Wakasema batri iko kwenye bajeti ingine."

"Bajeti gani?"

"Hawakujua. Waliniomba niwapigie picha na maboksi."

Watu wa misumari wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Mi sikucheka. Nilikuwa naiona mashine ya jua imekufa katikati ya jua, na mpira wa binti yangu umeunganishwa nayo.

Ile mbaya inakubali batri yoyote ya kawaida, na umeme ukikatika inahamia batri upesi hata mashine ya oksijeni haijui kama kuna kilichotokea. Niliichukua na batri zake. Kulipa, niliuza shamba la migomba la marehemu Kadidja kule Gasorwe, na ndugu zake mpaka leo wakinisalimu wanatazama pembeni. Watazame tu. Feroz alinipa fundi wake, akaja Gitega akaifunga chumbani kwa Fatouma nyuma ya pazia, plaki juu ya paa upande wa uani ambako barabara haioni.

Nilitaka kumrudishia Audax kitabu chake na kumwambia akiweke anapojua mwenyewe. Fatouma ndiye aliyenizuia. Anaongea kidogo kidogo, maana kila neno linamla hewa, lakini kichwa chake ni cha mama yake.

"Baba, ukikataa zawadi yao, watasema umewakataa wao. Na ile karatasi?"

Alikuwa na haki. Mashine ya oksijeni si yetu, tumeazimwa na ofisi ya afya, na karatasi ya kuiazima kila inapoisha inataka sahihi ya shefu wa kata. Kalamu ya Audax ikikauka, wanakuja kuichukua. Yaani pumzi ya mtoto iko kwenye mfuko wa shati la mtu asiyejua batri iko bajeti gani.

Basi nikawaacha wafunge sanduku lao kwenye ukuta wa baraza. Likang'aa. Lilikuwa na kitaa kidogo cha kijani, na Audax alikuwa akipita kila siku kukitazama kana kwamba amekizaa.

Siku ya sherehe walikuja na viti vya kukodi, hema, kipaza sauti, na mpiga picha. Mkubwa aliyetoka juu alivaa suti ya bluu na viatu ambavyo havijawahi kuona Nyamugari. Audax alinihakikishia kuwa ameshapanga na watu wa umeme, siku hiyo haukatwi. Nikamwambia kama inawezekana kupanga, angepanga na siku zingine. Akajifanya hakusikia. Kati ya wageni alikuwako muuguzi mmoja, Melania, wa kituo cha afya cha mlimani. Alikaa nyuma, begi mapajani, anaonekana ameacha kazi yake imelala.

Mkubwa alihutubia kutoka mlangoni kwa Fatouma, ili mgonjwa aingie kwenye picha. Alisema giza limekwisha. Alisema raia sasa anajitegemea. Alikuwa anasema kitu kuhusu maono pale kipaza sauti kilipokufa mdomoni mwake, na mashine ya kusagia mihogo ya jirani ikashuka sauti, ikanyamaza. Umeme ulikatika katikati ya maono.

Watu wakaguna. Mkubwa akainua kidole.

"Sikilizeni," akasema.

Tukasikiliza. Chumbani mashine ya oksijeni inanguruma palepale, haina habari. Mkubwa akageuka kwa watu uso unamemeta, akaanza kupiga makofi, wakampigia wote. Audax alipiga mpaka machozi yakamtoka. Hakuna hata mmoja aliyetazama ukutani, ambapo kile kitaa cha kijani kilikuwa kimezimika kabisa.

Mi nikajiambia, vizuri. Wamefurahi, Audax atatia sahihi, wataondoka na viti vyao. Ujinga ni wao, hewa ni ya Fatouma. Niliishi muda mfupi na raha hiyo.

Halafu mkubwa akaagiza boksi lililokuwa garini. Likaletwa, jipya, picha ileile. Akasema kwa sababu ya yale tuliyoshuhudia kwa macho yetu, onduleri kama hii anaikabidhi leo kwa kituo cha afya cha mlimani, chumba cha kujifungulia, na kwamba ile jenereta yao ya zamani irudishwe ofisini, haihitajiki tena. Akamwita Melania aje kupokea.

Melania akasimama. Alikuwa anatabasamu, maskini. Mtu anayezalisha watu kwa taa ya simu, ukimpa boksi la umeme atatabasamu.

Nikiwa pembeni ya kitanda, nikamtazama Audax. Alikuwa ananitazama mi, na kalamu iko mfukoni mwa shati lake. Fatouma akanyoosha mkono akanishika shati.

"Baba. Mwambie."

"Na karatasi?"

"Mwambie yule mama."

Nikavuta pazia. Sikulivuta kwa fujo, nililivuta kama mtu anayefungua dirisha asubuhi. Ile onduleri mbaya ikaonekana, batri zake chini, na waya unaokwenda kwenye mashine ya oksijeni.

"Ile yenu imekufa," nikasema. "Nendeni mkaitazame barazani. Inayompa hewa mtoto ni hii, nimeinunua Muyinga. Melania, usitoe jenereta yako."

Mmoja akatoka kwenda kuangalia, akarudi akitikisa kichwa, na kila mtu akaelewa. Mkubwa alitazama viatu vyake. Audax akanijia karibu, mdomo wake sikioni mwangu, na bado alikuwa anamchekea mpiga picha.

"Muzehe, rudisha pazia. Tumalize picha, donc tutaongea baadaye."

Nikamwambia pazia ni la Kadidja, na nyumbani kwangu nalifungua nikitaka.

Melania alikuwa bado amesimama, mkono wake juu ya boksi. Akaliinua kidogo, akaliweka chini, akauliza batri iko wapi. Mkubwa akasema batri itafuata. Melania akauliza itafuata lini. Mkubwa akamtazama Audax, Audax akamtazama mpiga picha.

"Basi nitapokea siku batri inafika," Melania akasema, polepole, kama anaongea na mgonjwa. "Na jenereta itabaki." Kisha akanigeukia mi mbele yao wote: "Baba Fatouma, huyo mtu wa Muyinga, duka lake iko wapi?"

Nikamweleza: sokoni, nyuma ya wauza kitenge, aulize Feroz wa bati. Aliandika kwenye kiganja.

Kesho yake Audax alileta fundi, wakang'oa sanduku lao ukutani. Wamelifunga ofisini kwa kata, naambiwa, juu ya kiti cha shefu, na umeme ukikatika shefu anatoka nje kukaa kwenye mwanga. Kuhusu karatasi yangu alisema faili inachunguzwa. Hawa watu hawachunguzi kitu kabla hakijaharibika, lakini karatasi ya pumzi ya mtu wanaichunguza.

Kwa hiyo sahihi bado haijaja, na mashine bado iko kwangu, inanguruma. Melania amepita mara kadhaa kumsikiliza Fatouma kifua, na amesema wakija kuichukua nimpigie simu kabla sijafungua mlango, yeye ana la kuwaambia. Mi nimehamishia kazi zangu barazani, nagonga bati mlangoni kabisa, anayeingia lazima aniruke. Fatouma analalamika kwamba makelele yanamchosha na kwamba nimezidi kutukana wapita njia wenye suti. Nimemwambia yeye avute hewa, maneno aniachie mi.