Wageni wa Shemasi Baudouin

Kitendawili: nyumba imebomolewa, wageni bado wanabisha hodi. Mmeshindwa? Ngojeni kidogo. Mimi jibu lilinijia nikiwa juu ya mizani, bila viatu, mbele ya mwanaume nisiyemjua.

Gisèle, mjukuu wangu anayeniita Koko, alijifunza kompyuta hapa Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi Uganda. Aliandika programu ndogo ya kuunganisha mizani ya mahindi na kompyuta: unaweka gunia, kilo zinatokea kwenye kioo. Mwenye kazi ni injinia Naboth, Mnyankore mwenye ofisi Kamukuzi, Mbarara. Alimwambia hivi: tutaiingiza programu yako na kuitoa mara kumi. Kompyuta isipozimika hata mara moja, kazi ni yako. Ikizimika, kuna wengine wanaitaka.

Nyumbani aliijaribu siku tatu kwa gunia la mahindi, ikaenda vizuri. Nikamsindikiza Mbarara na ndizi mbivu, maana mtihani haufanywi na njaa.

Kule ofisini hakukuwa na gunia. Naboth aliangalia kushoto, akaangalia kulia, akaniangalia mimi.

"Nyabo, mama, panda hapa."

"Mimi ni gunia?"

"Gunia ya leo ni wewe. Panda tu."

Nikapanda. Kioo kikaandika kilo themanini na sita. Kanisani wanajua nina sabini! Nikacheka mpaka mizani ikatikisika. Wakati huohuo Naboth aliiamuru programu itoke, na kioo kikawa cheusi. Kompyuta imekufa.

"Banange! Nyabo, umeiua na uzito!"

"Koko, tafadhali," Gisèle akaninong'oneza, "simama sawa gunia."

Wakaiwasha upya. Nikasimama kama gunia, hata pumzi naivuta kwa adabu. Mara ya kwanza, salama. Ya pili, ya tatu, salama. Ya nne nikazikumbuka zile themanini na sita, kicheko kikanitoka puani. Cheusi tena.

Naboth akavua miwani. "Programu yako inaogopa wazee. Kwa stoo watu watatupa magunia, watapandapanda. Nakupatia saa moja. Ikikataa, naita mwingine."

Akatoka. Gisèle alikaa, machozi yakamlenga. Nikammenyea ndizi nikamuuliza: mimi nikicheka, ndani mule kunatokea nini?

"Koko, programu ikiingia inaomba kwanza fasi, mahali pa kuandikia kilo. Kisha inaweka kengele. Uzito ukibadilika, kengele inalia, kilo mpya zinapelekwa kwenye ile fasi."

"Na ikitoka?"

"Fasi ninairudisha mwenyewe. Kengele, kompyuta itaizima nyuma, baadaye, yenyewe."

Nikajipiga paja. "Huyo ni shemasi Baudouin!"

"Koko, si sasa."

"Ni sasa hivi. Baudouin alijenga nyumba, kisha akaalika kwaya Jumamosi. Alhamisi akaambiwa ahamie upande mwingine wa kambi. Nyumba akaivunja kwa mikono yake. Kufuta mwaliko akamwachia pasta, na pasta akatangaza Jumapili! Jumamosi kwaya nzima ilikuja na ngoma, wakaimba wamesimama ndani ya maharage ya jirani. Mama Apolline alizoea kiti cha pale mlangoni. Akakaa bila kuangalia nyuma. Kiti hakuna. Miguu juu!"

Gisèle aliacha kutafuna. "Mwaliko alitoa mwisho," akasema polepole. "Basi alipaswa kuufuta kwanza."

"Azuie wageni. Walio njiani wafike, waondoke. Ndipo avunje."

"Koko! Na mimi nilirudisha fasi kengele ikingali inalia: nilivunja nyumba, wageni wakingali njiani! Gunia halitikisiki, halileti mgeni, ndiyo sababu kule nyumbani sikuona kitu!"

Hakuandika mengi. Aliamuru kengele izimwe kwanza, na kama kuna kilo zilizo njiani zisubiriwe zifike. Ndipo fasi irudishwe. Naboth aliporudi, Gisèle alikuwa amesimama wima.

"Koko, rudi juu. Sasa usisimame sawa gunia. Cheza!"

Mimi kuambiwa nicheze? Nilicheza wimbo uleule wa kwaya ya kwenye maharage, mabega, kiuno, vyote. Naboth akawa anaitoa programu na kuirudisha, anahesabu kwa sauti. Sita. Saba. Kwenye tisa Gisèle alifumba macho. Kumi! Kioo kinawaka kama taa ya Krismasi.

"Haya," Naboth akamwambia Gisèle, akijizuia kucheka. "Kesho kutwa saa mbili asubuhi, uje uanze kazi. Na huyu gunia umlete, tutamtumia kupimia mashine zote."

"Nitakuja, mwanangu," nikamjibu toka juu ya mizani. "Lakini kila kitu kina mpangilio wake. Kwanza futa hizo kilo kwenye kioo. Ndipo nishuke."