Chupa Ishirini Juu ya Karatasi

Mkaguzi wa ubora alikataa kutia sahihi, na nje lori lilikuwa tayari linaunguruma. Kamera mpya ilikuwa imepitisha chupa zote za dawa ya watoto, lakini yeye alipoinamisha moja, kidole chake kililowa.

"Shemeji, mteja anangoja tangu asubuhi," meneja alisema kwa sauti ya chini. Alikuwa mume wa dada ya mkaguzi, na ndiye aliyemwingiza kazini. "Mashine imesema safi. Wewe unajua kuliko mashine?"

"Kamera inaona kifuniko kipo. Haijui kama kimekazwa."

"Usinitie aibu mbele ya watu."

Mkaguzi alibonyeza kitufe chekundu. Mkanda unaosafirisha chupa ukasimama, wafanyakazi wote wakageuka. Akalaza chupa ishirini juu ya karatasi nyeupe. Baada ya dakika kumi, karatasi ilikuwa na madoa chini ya chupa saba.

Meneja aliyatazama madoa hayo. Kisha akampigia mteja simu. "Mzigo hautoki leo," alisema. "Kosa ni letu."

Alipokata simu, hakumtazama shemeji yake machoni.

"Yale niliyokuambia pale," akanong'ona, "dada yako asisikie."