Kilichobaki kwenye Sumaku

Fundi Saa alikuwa anafuta meza ya chakula huku akipiga mluzi. Alipoiinua sumaku airudishe kwenye msumari wake ukutani, akakuta kitu kimeng'ang'ania nyuma yake. Kilikuwa kibanio cha chuma, chembamba, hakizidi ukucha wa kidole gumba. Mluzi ukamkaukia mdomoni.

Kwa miezi miwili meza ile haikuwa ya chakula, ilikuwa ya giaboksi ya gari lake. Mkewe alikula jikoni amesimama, wageni waliishia kibarazani, na hakuna aliyeruhusiwa hata kupiga chafya karibu na zile trei za mayai. Kila kishimo cha trei kilikuwa na namba, kila namba na kipuri chake, na kila kipuri kilichorwa daftarini. Mtu aliyetengeneza saa za watu miaka thelathini na minane, akiokota springi nyembamba kama kope, angeshindwaje na lidude la chuma linalobebwa na watu wawili? Ndivyo alivyokuwa akisema kwa kila aliyesimama kusikiliza. Makanika mmoja jirani, ambaye giaboksi za otomatiki ndizo zinazomlisha, alijitolea kuja kukagua bure kabla haijafungwa. Mzee akamkatalia kwa tabasamu la mtu aliyevimba kichwa. Makanika hakukasirika.

"Sawa, mzee wangu," alisema. "Ila saa ikikosea, mtu anachelewa kazini. Gari likikosea ni mambo mengine."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Walichosahau wahenga ni kwamba mara nyingine linalovunjika ni guu la mwenzake.

Kibanio kile alikijua: namba arobaini na moja. Siku ya kuifunga giaboksi alikuta kishimo chake kitupu, akaamini kipuri kimekwisha kuingia mahali pake. Kumbe sumaku, aliyokuwa akiipitisha juu ya trei kuokota vidude vidogo, ilikuwa imekibeba mgongoni.

Sasa akasimama na kitambaa mkononi, akili ikimwonyesha jambo moja moja bila huruma. Ndani ya giaboksi ile mna kipande cha chuma mfano wa kidole. Ukisimamisha gari na kuweka gia kwenye P, kidole hushuka katikati ya meno ya gurudumu la ndani, na gari zima linashikwa na hicho tu. Kidole kinakaa kwenye pini. Pini inazuiwa isichomoke na kibanio. Bila kibanio, pini itakaa vizuri kabisa kwa asubuhi moja ya majaribio uani, mzee akipigiwa makofi na mkewe. Lakini barabara ikianza kulitikisa gari, pini itatambaa kidogo kidogo mpaka itoke, na P itabaki kuwa herufi tu. Breki ya mkono nayo ilikuwa imekatika waya tangu zamani. Alipanga kuishughulikia mwezi ujao.

Saa moja iliyopita mkewe alikuwa ameondoka na gari hilo kwenda kumchukua binti yao kliniki ya uzazi, yeye na mtoto wa siku tatu. Binti huyo alishazika wawili kabla ya huyu. Na kliniki iko mlimani, hakuna mahali pa kuegesha ila mteremkoni.

Akapiga simu ya mkewe. Ikaita mpaka ikakata, maana yule mama akishika usukani hapokei simu hata ya rais. Ya binti haikuwa hewani. Mzee akatoka na kandambili zake, kibanio kimo kiganjani, akasimamisha pikipiki ya kwanza aliyoiona na kumwambia dereva aende mbio. Dereva akamuuliza kama kuna mgonjwa. Mzee akampigapiga begani aongeze mwendo.

Njia nzima aliogopa kama hajawahi kuogopa maishani. Kila kona aliyoikaribia aliona kwanza umati wa watu, kisha akaona ni kona tu. Aliogopa kufa kwa mtoto ambaye hajamwona sura. Tena, na hili lilimwaibisha hata pale juu ya pikipiki, aliogopa kuulizwa.

Gari lilikuwepo. Lilisimama mteremkoni, la buluu, pua yake ndefu imeelekea bondeni, limetulia. Hatua ishirini chini yake palikuwa na benchi la wajawazito wanaosubiri kuitwa, na nyuma ya benchi ukuta. Binti yake alikuwa kiti cha nyuma, peke yake na mtoto. Mzee alishuka pikipiki haijasimama vizuri, akachomoa tofali kando ya mtaro, akapiga magoti na kulisukumia chini ya tairi la mbele. Binti akachungulia dirishani.

"Baba? Unatafuta nini huko chini?"

"Naangalia tairi tu, mwanangu. Wewe endelea kumnyonyesha."

Neno lilimtoka lenyewe, laini, na baada ya kulisema akajisikia nafuu. Tofali lilikuwa zito. Gari halikutikisika. Pengine pini haijasogea hata kidogo, alijiambia, pengine ingemaliza mwaka mzima mahali pake.

Mkewe akatoka kliniki na mfuko wa nguo na makaratasi ya kuruhusiwa. Alipomwona mumewe pale na kandambili na jasho, akacheka. Akamwambia binti kwamba huyo ndiye babu, ameshindwa kusubiri nusu saa, na mtoto akifika shule atasindikizwa mpaka darasani. Mzee akacheka pamoja nao, huku amefumba kiganja.

Funika kombe mwanaharamu apite. Angeomba usukani yeye, akanyage breki kila atakaposimama, awafikishe nyumbani, kisha kesho aishushe giaboksi kwa kisingizio cha oili. Nani angejua? Akaupanga uongo wote vizuri, mpaka akaiona akilini pini ikichomoka barabara kuu na kudondokea kwenye meno yanayozunguka, magurudumu yakikwama ghafla, na lori nyuma yao.

"Haya, toa tofali lako twende," mkewe alisema. "Mtoto anapigwa na jua."

Akainama. Mkono ukalishika tofali, ukakataa kulivuta.

"Mtoeni mtoto garini," alisema. "Kwanza mtoeni."

Mkewe hakuuliza. Waliishi pamoja miaka mingi, akaisikia ile sauti. Akafungua mlango, akampokea mtoto kwa mikono miwili, akarudi nyuma mpaka ukingoni. Binti akafuata polepole kwa ajili ya mshono wake, akaegemea mlango ili asimame. Gari likayumba kidogo. Ndani ya tumbo la gari kitu kikaanguka, sauti ndogo tu, kama sarafu kwenye bakuli la bati. Kisha lile gari zima likalilalia tofali, tofali likaburuzika shibiri moja likikwaruza lami, likakwama.

Wanawake wa kwenye benchi waliinuka wote. Fundi Saa alijikuta ameweka bega kwenye boneti, asijue amefikaje pale, kandambili moja imemtoka. Mlinzi wa kliniki na dereva wa pikipiki wakaja mbio na mawe, wakayapanga chini ya magurudumu yote mawili ya mbele. Wakamwambia mzee anaweza kuachia sasa. Ilibidi wamwambie mara mbili.

Akafungua kiganja. Kibanio kilikuwa kimemchora alama nyekundu kwenye ngozi. Akawaeleza, maneno machache, hakujitetea. Mkewe alikitazama kile kidude, akalitazama benchi, halafu akaketi ukingoni na mfuko wa nguo miguuni. Binti akamchukua mtoto kutoka kwa mama yake.

"Baba, ulipofika ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Ukaniambia unaangalia tairi. Mimi na mtoto tumo ndani."

Akajifuta mikono kwenye shati, akainyoosha ampokee mjukuu wake, ambaye hata sasa hakuwa amemwona uso. Binti akamhamishia mtoto bega la mbali, akamwomba mama yake atafute teksi.