Bangili za Mama Kusum

Alhamisi mchana nilikuwa nimebakiwa na siku moja na nusu ya kusema jambo moja. Jumamosi asubuhi gari kubwa la kukodi lingetoka Fairfield, mtaa wetu wa Sydney, kwenda Melbourne, likizo ya siku nane, na dereva angekuwa Mzee Vrajlal, mgeni kutoka Rajkot, India, mwenye umri wa miaka sabini na mmoja. Nyuma yake angekaa binti yangu Divine. Na mimi ndiye niliyewaambia watu kwamba mzee anaendesha vizuri.

Mimi nafundisha watu kuendesha. Gari langu lina breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja chini ya mguu wangu, na mguu huo umenilisha miaka tisa hapa Sydney. Nimefundisha Wakongo wenzangu, Warundi, Wavietnamu wa Cabramatta, hata padri mmoja aliyekuwa akifumba macho kila akikata kona. Dereva mbaya namjua kabla hajafunga mlango. Ndivyo nilivyokuwa nikijisifu.

Hetal, binti wa mzee, ni jirani yetu. Alizaliwa Bujumbura wakati baba yake ana duka la vipuri kule, kabla vita haijawarudisha India. Wazazi wake mpaka leo wanasema Kiswahili cha Buyenzi, mtaa wa huko Bujumbura, na kwa sababu hiyo tulizoeana siku ya kwanza tu. Mume wa Hetal yuko machimboni Perth, anarudi baada ya majuma kadhaa. Binti yao Krupa na Divine wangu wako darasa moja na hakuna wa kuwatenganisha. Kwa hiyo mzee alipotangaza kwamba atawatembeza kwa gari, Divine aliingizwa kwenye orodha kabla mimi sijaulizwa.

Safari hiyo mzee aliipanga miaka miwili akiwa kwao. Aliniita mezani niikague, nikakuta karatasi kumi na nne. Palikuwa na vyoo vya njiani, nyumba za kulala zenye jiko ili Mama Kusum, mkewe, asishindie chipsi kavu siku nane kwa kuwa hali nyama, na chai kila baada ya saa mbili. Leseni yake ya India imeandikwa Kiingereza, mgeni anaruhusiwa kuitumia. Kadi ya benki ilikuwa na jina lake mwenyewe, maana wenye magari hawapokei kadi ya mkwe. Kila siku gari lilale kabla jua halijatua, kwa hofu ya kangaruu wanaoruka barabarani gizani. Hata achari waliyonyang'anywa uwanja wa ndege alikuwa ameshaitafutia duka.

"Na tunashuka kusini," aliniambia, kidole juu ya ramani. "Hatupandi kaskazini. Huku mnaendesha kushoto, kama kwetu. Ukishuka na pwani, bahari inakuwa kushoto safari yote. Aliyekaa upande huo anaiona bila gari la mtu kumkinga."

Nilimvulia kofia. Walioishi hapa miaka ishirini hawajawahi kufikiria hilo.

Hetal aliniomba nitoke na baba yake mara mbili kwa gari langu ili moyo wake utulie. Jumanne tulitoka, na Mama Kusum akakaa nyuma, kushoto, akisema anataka kuona mji. Mzee aliendesha kwa utulivu ambao siuoni mara nyingi. Huko nyuma bangili za kioo za Mama Kusum ziligonga dirisha, mara moja, mara mbili, tena mara moja. Niliona ni wasiwasi wa uzee. Jioni nikamwambia Hetal, "Baba yako anaweza kunifundisha mimi." Kesho yake akaenda na baba yake kulichukua gari la kukodi.

Alhamisi Mama Kusum alikwenda na Hetal kununua unga, tukatoka wawili, mimi na mzee, kwa gari langu. Karibu na soko la Cabramatta kuna kivuko cha waenda kwa miguu. Mwanamke mmoja alikuwa ameshashuka barabarani kutoka kushoto, anavuta kigari cha mboga. Nilimwona mapema, nikangoja mzee apunguze mwendo. Hakupunguza. Nikangoja tena kidogo, nikidhani ananionyesha ufundi, kisha nikakanyaga breki yangu kwa nguvu zote. Gari lilisimama kigari kikiwa kimegusa bampa, na fungu la vitunguu vya majani likaanguka. Yule mama aliliokota, akatutazama mmoja mmoja, akaenda zake.

"Ametoka wapi huyu?" mzee aliuliza.

Aliuliza kwa dhati. Hapo ndipo nilipoogopa, kuliko hata nilipokanyaga breki.

Nilimwambia aegeshe. Tukiwa tumesimama nikamwomba atazame mbele, ukutani. Nikanyoosha mkono upande wake wa kushoto, mbele kidogo ya shavu lake.

"Mzee, unaona vidole vingapi?"

"Mkono uko wapi?" akasema.

Akazima injini. Kisha akanieleza, macho yake bado ukutani. Februari alipata kiharusi kidogo, akalazwa siku tatu. Mguu ulirudi, mkono ulirudi, lakini chochote kilicho kushoto kwake hakukiona tena, kwa jicho hili wala lile. Hetal hakuambiwa, asije akaifuta safari.

"Na Jumanne?"

"Jumanne Kusum alikuwepo. Akigonga bangili mara moja, kushoto ni kweupe. Mara mbili, kuna kitu. Tumeendesha hivyo Rajkot miezi yote hii, katikati ya ng'ombe na bajaji, na hatujagusa hata kuku."

"Mzee, samahani, lakini huo ni wazimu. Huku watu wanakimbia kilomita mia na kumi. Mtoto wangu yuko ndani ya hilo gari."

"Najua."

"Basi umwambie Hetal, ama nitamwambia mimi. Leo."

Akanishika mkono wa shati. "Bwana Wilondja, nipe mpaka kesho. Nimwambie mwenyewe. Usinivunjie heshima mbele ya mtoto niliyemzaa."

Nilikubali. Nimelelewa kumwachia mzee nafasi ya kusema mambo yake kwa kinywa chake. Nilirudi nyumbani, sikumwambia hata mke wangu Marie-Jeanne.

Ijumaa alasiri tuliitwa kwa Hetal, kikao cha mwisho cha safari. Gari lilikuwa uani, jeupe, limeoshwa. Divine alikuja na begi mgongoni ingawa wangelala usiku mzima kabla ya kuondoka. Nilipomwambia alitue alinijibu, "Dad, I'm ready," akalikumbatia.

Mzee alikaa upande wa pili wa meza, mkewe kushoto kwake, mimi mbele yao. Tulikula chapati za majani ya uwatu zilizopikwa kwa ajili ya njiani, naye akasoma karatasi zake. Kila akifungua mdomo niliacha kutafuna. Alisema juu ya chai. Alisema juu ya daraja fulani ambapo watoto lazima wapigwe picha. Alifika siku ya tatu, ya tano, ya nane, akakunja karatasi, akamwomba Krupa maji. Hakunitazama hata mara moja. Nilikuwa na hasira naye na nilimwonea huruma, vyote pamoja, na sikujua nianze na kipi.

"So, Baba Divine," Hetal akasema, "mara ya pili ilikuwaje? Baba hajaniambia kitu. Yuko okay kabisa?"

Wote wakanigeukia. Divine pia.

Ningeweza kusema hapo hapo. Badala yake nikajiona mjanja. Nilitaka mzee ashindwe bila kutajwa, ajionee mwenyewe, tumalize kwa upole. Mama Kusum alikuwa amevaa bangili sita za kijani kila mkono, na kwetu sisi bangili ni pambo kama hereni.

"Tuzunguke mara moja na hili gari jipya," nikasema. "Mama aje, akae pale pale kushoto. Ila bangili aziache hapa mezani."

Hetal aliweka kikombe chini. Uso wake ulibadilika kabisa.

"Hujui unasema nini," aliniambia, sauti ya chini. "Kwetu mwanamke mwenye mume hazivui hizo. Anazivua siku mumewe amekufa. Siku hiyo tu. Kwa nini unamwambia mama yangu hivyo?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Nilifungua mdomo kuomba msamaha, lakini Mama Kusum alikuwa ananitazama, na katika macho yake hapakuwa na ugomvi. Aliona kwamba najua. Akashusha mikono yake mapajani, akaanza kuvuta bangili ya kwanza. Haikutoka kwa urahisi. Mkono ulikuwa umenenepa tangu siku alipozivaa, na ilibidi abane kidole gumba ndani ya kiganja na kusukuma juu ya mfupa.

"Mama, no," Hetal alisema.

"Bora nizivue mwenyewe hapa," alijibu kwa Kiswahili, ili na mimi nisikie, "kuliko nije kuvuliwa barabarani."

Mzee alikuwa akinywa maji. Mkewe alikaa kwa shibiri moja kutoka kwenye kiwiko chake, upande wa kushoto, na yeye alitazama mbele tu, akitafuta nyuso zetu, haoni mikono ya mkewe inafanya nini. Bangili ya kwanza ikawekwa mezani. Ikalia mara moja. Mzee akaacha kunywa. Ya pili ikawekwa, ikalia, na hapo mzee akageuka. Aligeuza shingo, akageuza mabega, akageuza na kiti, mpaka akauona mkono wa mkewe na zile mbili juu ya kitambaa, na ya tatu ikiwa imefika kwenye mfupa.

Hetal aliuona mgeuko huo. Alimtazama baba yake, kisha akanitazama mimi, akafunika mdomo.

Mzee aliirudisha ile ya tatu kwa vidole vyake. Akaokota mbili za mezani, akazivisha tena moja moja, polepole, akimpuliza mkewe mahali palipochubuka. Kisha akatoa ufunguo wa gari mfukoni, akausukuma kwa Hetal.

"Upande huu sioni," akasema. "Tangu Februari. Utaendesha wewe."

Hetal alilia kwanza, kisha akamfokea kwa Kigujarati muda mrefu, na mimi nikamtoa Divine nje. Baadaye Hetal alipiga simu kwenye ofisi ya magari, jina lake likaongezwa. Jumamosi alfajiri niliwapanga mwenyewe: Hetal kwenye usukani, watoto nyuma kabisa, mzee nyuma ya dereva, Mama Kusum kushoto kwake.

Jumapili Divine alinipigia simu, amechoka na kila kitu. Alilalamika kwamba bibi yake Krupa anagonga dirisha kwa bangili kutwa nzima, mara mbili mbili, na kila akigonga babu anageuka mwili mzima.

"Kushoto kuna nini?" nikamuuliza.

"It's just the sea, Dad."

Nikamwambia amwache bibi agonge.