Mtu wa Kusimama Pangoni

Usiku wa jana niliota nimeshikwa bega na marehemu Shekiondo, mtu wa kwanza wa kwetu Muheza kuingia mapangoni na kuyachora. Alikufa kabla sijazaliwa. Kichwani alikuwa amejifunga kandili kwa kamba ya katani.

"Wewe fundi baiskeli," akasema, "twende. Nataka mtu wa kusimama."

"Kusimama tu?"

"Kusimama tu. Pango ukilichora tupu, watu wanadhani ni shimo la panya. Ukiweka mtu kule ndani, wanajua ukubwa wake."

Niliona ni kazi nyepesi. Tukaingia kupitia uvungu wa benchi langu la kazi.

Ndani ni pango kweli. Shekiondo anakaa juu ya jiwe, anatandaza karatasi magotini, ananituma kule mwisho kwenye maji. Nasimama. Anachora.

"Hapana," likasema pango. Lilikuwa na sauti ya mama mkwe aliyeletewa kuku mdogo.

"Hapana nini?" akauliza Shekiondo.

"Huyo mtu ni mkubwa mno. Umenifanya stoo. Mpunguze."

Shekiondo akanifuta kwenye karatasi kwa kipande cha mkate, kama kifutio, akanichora upya. Jiwe lililokuwa linanifika magotini sasa liko kifuani.

"Mzee, nimepungua."

"Lazima upungue. Ninavyokuchora ndivyo unavyokuwa. Simama vizuri."

"Mpunguze tena," likasema pango.

Hapo pango likawa zahanati. Nimekaa kwenye benchi la wagonjwa, na pembeni yangu yupo mtu mwenye kimo cha harage. Ana ndevu nyeupe, kwa hiyo nikamwamkia.

"Shikamoo."

"Marahaba. Mimi Hozza, mpishi wa Shekiondo. Mimi ndiye niliyesimama kwenye pango lake la kwanza."

"Ukapunguzwa?"

"Mpaka pango likaridhika. Picha ilisifiwa sana."

"Ukarudi nyumbani?"

"Nilirudi. Mke wangu akanifagia."

Nesi akaniita. Nikafungua mlango wa daktari, mle ndani pango tena. Shekiondo ameshika mkate. Sasa mimi ni sawa na kidole gumba, na pango linasema bado.

Nikamfikiria mke wangu. Hakuna mtu mtaani kwetu anayefagia kama yeye.

"Mzee Shekiondo!" nikaita kwa sauti ya mbu. "Kwenye picha, aliye karibu na mchoraji anachorwaje?"

"Mkubwa. Hiyo kanuni hata mimi siwezi kuivunja."

Nikaanza kutembea kumfuata.

"Mwambie asisogee!" pango likapiga kelele.

"Anayesogea, mkono wangu unamfuata," akasema Shekiondo, akaendelea kuchora.

Nafikia kimo cha paka. Nafikia kimo cha mtoto wa shule. Kwenye karatasi goti langu linafunika maji, kifua changu kinafunika ukuta, na pango linazidi kukosa nafasi.

"Umeniharibia," likalia. "Nimekaa gizani tangu dunia iumbwe, nasubiri mtu mmoja tu aje anichore."

Nililionea huruma, lakini sikusimama. "Mimi nimeoa," nikaliambia.

"Bado hatua moja," akasema Shekiondo. "Njoo nikumalizie."

Nikanyanyua mguu. Jogoo wa jirani akawika.

Niliamka, nikajipapasa, nikaona viungo vyote vipo. Nikaenda jikoni, nikavuta kigoda, nikakaa. Mlango wa jiko letu ni mfupi. Tangu tuhamie nyumba hii, kila asubuhi unanigonga paji la uso, na kila asubuhi nautukana, pamoja na fundi aliyeujenga.

Mke wangu alikuwa akikoroga uji. Akaacha mwiko, akanitazama.

"Baba Rehema," akasema, "mbona leo hujautukana mlango?"