Manjano ya Mkono Mmoja

Sifa nyingine humwingia mtu kama mwiba. Ile aliyopewa Mama Manjano siku aliyorudi kazini ilikuwa ya namna hiyo, na aliyeitoa, mpakaji wa kuta aliyefuata ndoo mbili za nyongeza, hakuwa na nia mbaya hata kidogo, maskini wa Mungu.

"Mama, manjano yako ya safari hii ni kiboko," alimwambia. "Napiga mkono mmoja tu, ukuta umefunikwa. Ile shule ya chekechea nimeimaliza kwa siku mbili."

Mama Manjano akamwomba arudie. Akarudia kwa furaha zaidi, akidhani mama wa watu ananogewa na sifa.

Manjano ya Mama Manjano hayajawahi kufunika ukuta kwa mkono mmoja. Aliyatengeneza mwenyewe kwa poda nyepesi isiyo na madini ya risasi. Ni makali, jua haliyapaushi, ila yana kasoro moja: yanapitisha mwanga, na kilicho chini yake huchungulia. Miaka yote wapakaji walinung'unika kwamba wanalazimika kupiga mikono mitatu, naye aliwajibu kwamba mwenye haraka akapake chokaa. Manjano yanayofunika mara moja aliyajua vizuri. Hayo ni ya risasi. Marehemu baba yake aliyasaga kwa miaka thelathini katika karakana hiyohiyo, mpaka viganja vyake vikalegea, akawa analishwa na mkewe kwa kijiko. Walipotoka makaburini, Mama Manjano na mdogo wake wa kiume walikubaliana kwamba unga ule hautavuka tena kizingiti chao. Tangu hapo kila kifuniko kilitoka na saini yake ya wino mweusi, na wateja walijua maana yake: mwenyewe amepima, risasi hamna.

Wiki tatu zilizopita alilazwa kuondolewa mtoto wa jicho. Mdogo wake alimtembelea kila siku, akimmenyea machungwa, akimwambia asihangaike, oda ya chekechea ataichanganya yeye kwa kufuata daftari lake. Mama Manjano, bandeji machoni, alimshukuru na kumwombea dua. Ukimwamini mtu mpaka unamkabidhi macho yako, utabaki na nini cha kumchungia?

Alimwambia mpakaji aziache ndoo pale na arudi baadaye. Akachukua kibao cheupe chenye mstari mnene mweusi katikati, kile anachojaribia rangi zote, akafungua ndoo na kupitisha brashi mara moja. Mstari ukapotea kabisa. Akaingia stoo, akajaza kikombe kimoja poda kutoka kwenye mfuko uliokuwa umefunguliwa akiwa hospitalini, na kingine kutoka kwenye mabaki yake ya zamani, akaviweka kwenye mizani. Kile cha kwanza kilikuwa na uzito zaidi ya mara mbili, uzito wa risasi. Mfuko wenyewe ulikuwa wake, wenye maandishi yake. Kilichobadilishwa ni cha ndani.

Mifuko yote iliyowahi kuletwa na wauzaji aliipima kabla ya kuifungua. Aliyokuwa akiletewa na mdogo wake hakuwahi kuipima hata siku moja. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na yeye aliwahi kuwasomea wengine methali hiyo kwa kujiamini kabisa.

Mdogo wake alipoingia, funguo zikining'inia kidoleni, alikuta kibao kiko mezani. Kwanza akajaribu utani, kwamba macho mapya hayo yana mbwembwe. Dada mtu hakucheka. Ndipo akaketi juu ya ndoo na kuanza kujieleza: wapakaji wanatukimbia, dada, hakuna anayetaka mikono mitatu siku hizi, na rangi ikishakauka ukutani haimdhuru mtu. Saini alizitia mwenyewe kwa sababu alijua dada yake angekataa.

Mama Manjano alimuuliza kama amesahau kwamba rangi huchakaa ikawa vumbi, na kwamba watoto wa miaka minne hukwangua kuta kwa kucha, kisha hutia vidole mdomoni. Kesho kutwa shule inafunguliwa. Mdogo mtu akasema mwaka mmoja hautawadhuru, na ukiisha wao wawili wataupaka ukuta upya, polepole, bila makelele.

Aliumia. Lakini hata hapo, moyo wa dada ulikuwa bado unamtafutia mlango wa kutokea. Labda ni ujinga, alijiambia. Labda alikuwa mdogo mno baba alipougua, hakuelewa alichokiona. Akakumbuka ujumbe wa kushukuru wa mke wa mdogo wake, aliosomewa hospitalini: chumba cha mapacha wao kimepakwa upya, kimependeza kweli.

"Chumba cha mapacha umekipaka kwa manjano yapi?" akamuuliza.

Mdogo wake akatazama sakafu.

"Nakuuliza, mwanangu." Alikuwa akimwita hivyo tangu alipombeba mgongoni.

"Yale yako," akasema kwa sauti ya chini. "Yale yaliyobaki. Nilipiga mikono mitatu."

Basi. Alijua vyote, tangu mwanzo hadi mwisho, na alikuwa amechagua watoto wa kuwakinga. Mama Manjano akavuta simu.

"Dada, utatumaliza," akasema. "Jina la baba liko pale mlangoni. Mimi ni ndugu yako."

"Wako umeshawakinga," alimjibu akitafuta namba ya mwalimu mkuu. "Hawa nao wana wazazi wao."

Simu ikapokelewa. Mdogo wake akasimama kana kwamba anataka kuichukua, kisha akaketi tena. Mama Manjano akasalimia, akaomba mwalimu mkuu asimkatize, watoto wasiingie madarasani, akaeleza kilichomo kwenye kuta. Alipoulizwa ni nani aliyefanya hivyo, alimtaja, jina lake na la baba yao, huku akimtazama usoni.