Kipimo Alichokisoma Mama

Jamani, hii hamtaiamini, hata mimi niliyekuwepo bado naishangaa: mama yangu alimtaja adui yangu mbele ya adui mwenyewe, na wala hakujua anachokitaja!

Mama ni fundi cherehani, anashona sare za shule yetu. Mwezi ule sketi yangu ilichanika mara tatu, na mara zote nilisingizia msumari wa dawati. Mara ya tatu aliigeuza kwenye mwanga, akapitisha kidole.

"Msumari unavuta nyuzi, mwanangu. Hapa pamekatwa."

"Msumari, mama."

Ningesemaje? Kulikuwa na msichana wa kidato cha nne, tukimwita Kamanda, na Kamanda alikuwa na nusu wembe. Alinibana chooni, akaniwekea shavuni. Baridi, jamani, sijui niwaelezeje. "Leo sketi. Ukifungua mdomo, ni hapa."

Sasa Jumamosi niko chumba cha cherehani, simu mkono huu, kalamu mkono huu, maana mama akipima mimi ndiye mwandishi wa daftari. Mlango ukafunguka. Kamanda!

"Shikamoo mama. Nimekuja kupimwa sketi." Sauti tamu, utadhani malaika.

"Marahaba, binti. Toa vitu mfukoni, vinadanganya kipimo."

Hiyo ndiyo sheria ya mama, hata mwalimu mkuu aliifuata. Kamanda akatoa leso, akatoa funguo. Mfuko wa kushoto akaukandamiza kwa kiganja. "Huu hauna kitu." Huku ananitazama kwenye kioo, anajikuna shavu polepole.

Nikainamisha macho daftarini.

"Kiuno, ishirini na sita," mama akasema. Nikaandika. "Nyonga, thelathini na sita." Nikaandika. Kusema singethubutu, lakini mkono bado ulikuwa unafanya kazi. Alipotaja urefu, chini yake nikaongeza maneno mawili, mama ayaone mteja akishaondoka.

Nikasahau kitu kimoja, mimi niliyezaliwa nyumba ileile! Mama hamwachi mteja atoke kabla hajamsomea vipimo vyake kwa sauti.

Akavaa miwani. "Kiuno, ishirini na sita. Nyonga, thelathini na sita. Urefu, ishirini na nane. Ni yeye."

Nikainua simu mpaka usoni.

"Ni yeye nani?" mama akauliza. Akanitazama, nimejificha nyuma ya simu, kana kwamba simu inamfunika mtu. Akaitazama sketi yangu iliyotundikwa msumarini. Akautazama ule mfuko wa kushoto. Akanyoosha kiganja.

"Toa."

Nusu wembe, umefungwa kwenye karatasi ya daftari.

"Jumatatu tunaonana kwa mwalimu mkuu," mama akasema. "Sote watatu."

Kamanda akaokota leso yake bila haraka. Alipopita karibu yangu akaniinamia sikioni. "Wembe unauzwa kila duka, mdogo wangu."

Jumapili ujumbe ukaingia, namba ngeni: *Sema ulikuwa unatania. Shavu ni lako.* Niliusoma mpaka herufi zikaanza kucheza. Kidole kikakaa palepale pa kufuta. Nikifuta, namwambia mama ulikuwa utani, yamekwisha.

Jumatatu asubuhi mama keshavaa viatu, ananiita mara ya tatu. Nikatoka, nikampa simu. Simu yangu, mimi ninayeingia nayo hata bafuni! Akavaa miwani, akausoma ujumbe kwa sauti, neno kwa neno, kama vipimo.

"Twende," akasema.

Getini pa shule Kamanda alikuwa amesimama peke yake, mkono wa kushoto mfukoni. Anatusubiri. Zilibaki hatua kama kumi, nami nikapunguza mwendo. Mama akanishika mkono. Hapo ndipo niliposhtuka zaidi: mkono wake ulikuwa unatetemeka.

Hebu niambie ukweli wako: ungekuwa wewe, ungeendelea kutembea?